Siku Uliyosema Bomba Linang'ata

Atupele mwanangu,

Sitakuandikia habari za sweta, wala namna ya kutunza nauli, wala nani atakupokea Iringa. Hayo tumeyasema mchana kutwa mpaka wewe mwenyewe umeanza kunijibu kabla sijamaliza kuuliza. Barua hii inahusu jambo jingine, ambalo nyumbani kwetu halizungumzwi. Nimejaribu kukueleza kwa mdomo tangu majibu ya chuo yalipokuja, lakini kila nikifungua kinywa, anaingia baba yako, au mteja anakuja kuchukua gauni lake, au mimi mwenyewe naishiwa nguvu. Naogopa usije ukapanda basi kesho kabla sijalisema.

Ulikuwa mdogo, hujaanza darasa la kwanza, tulipotia maji na umeme katika nyumba hii. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Kabla ya hapo mtu wa Tukuyu akitaka koki moja ilibidi amjue mtu anayemjua mtu. Ghafla maduka ya mjini yakajaa nyaya za kila rangi, swichi, balbu, mabomba, mpaka masinki ya mitumba. Watu walikuwa wanasimama kuyatazama tu. Baba yako alikuwa mpimaji wa majani kwenye kiwanda cha chai, na mimi nilikuwa nashona katika chumba kile kile cha mbele, kwa taa ya kandili. Macho yalikuwa yananiuma. Ikifika misimu ya sare za shule nilikuwa nashona sindano inapita kwenye kucha.

Kwa hiyo niliyetaka taa ni mimi. Nataka ulijue hilo kwanza, kwa sababu utasikia na mambo ya baba yako na ya baba yako mdogo, na sitaki uwabebeshe wao peke yao. Mimi ndiye niliyekuwa namsumbua baba yako kila akirudi kazini. Jirani kawasha, na sisi je? Mama mchungaji ana pasi ya umeme, na mimi napuliza makaa mpaka majivu yanachafua shati la mtu.

Kazi alipewa baba yako mdogo, Gwamaka. Alikuwa amejifunza ufundi kwa mtu Mbeya, na alikuwa na mikono mizuri kweli. Alichimba kuta, akapitisha nyaya, akapiga plasta juu yake mpaka usijue palipochimbwa. Mabomba ya chuma aliyaleta fundi mwingine, yakaingia mpaka bafuni, na moja likatoka nje pembeni ya jiko, lile ambalo wewe uliliita bomba lako. Kisha baba yako akaleta hita ya kuchemshia maji ya kuoga, imetumika, imebonyea upande mmoja, lakini inafanya kazi. Unajua baridi yetu ya mwezi wa sita. Alisema mama yake akija kututembelea hataoga tena maji ya kupasha kwa kuni.

Ili tuunganishwe, ilibidi nyumba ikaguliwe. Mtu wa maji alikuja, akatazama mabomba kama yanavuja, hayakuvuja, akatia sahihi. Mtu wa umeme sikumwona. Nilimuuliza Gwamaka, "Shemeji, mkaguzi anakuja lini? Nifagie, nimpikie."

Akacheka. "Usihangaike, shemeji. Yule ni mwenzangu. Kibali kimeshatoka."

Nikafurahi, Atupele. Sikuuliza mtu anakaguaje nyumba ambayo hajaiingia. Tulipowashiwa nilipiga vigelegele peke yangu katika chumba cha kushonea, na wewe ulikuwa unazima na kuwasha mpaka baba yako akakufokea.

Haikupita muda mrefu, ukaja kwangu jioni moja umeshika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa kwenye cherehani. Ukasema, "Mama, bomba linang'ata."

Nikakuuliza, "Limekukata?"

"Hapana. Linang'ata."

Nikatazama mkono wako. Hakuna jeraha. Nikakwambia maji ni ya baridi, ndiyo maana. Ukatikisa kichwa, ukaondoka. Baada ya siku kadhaa ukasema tena, na safari hii ulisema mezani, mbele ya baba yako na Gwamaka aliyekuwa amekuja kula. Gwamaka akaweka kijiko chini. Nadhani aliumia, maana ilikuwa kazi yake ya kwanza kubwa na watu walikuwa wanakuja kuitazama. Akasema, "Twende ukanionyeshe hilo lenye meno."

Tukatoka wote. Ilikuwa mchana, jua limewaka, ardhi imekauka. Gwamaka alikuwa amevaa mabuti ya mpira. Akaishika koki kwa kiganja kizima, akaifungua, akaifunga, akaifungua tena, akanawa mpaka uso. Akakugeukia.

"Limening'ata?"

Ukaitazama koki.

"Nijibu, Atu. Limening'ata?"

Baba yako akacheka. Na mimi nikacheka, mwanangu. Nilicheka kwa sababu wanaume wawili walikuwa wamecheka na sikutaka waone nakudekeza. Tulipoingia ndani nikakuinamia na kukwambia kwa ukali, "Usirudie tena maneno hayo mbele ya watu. Unamwaibisha baba yako mdogo."

Ukasema, "Ndiyo, mama."

Sentensi hiyo niliyokwambia imenikaa kifuani mpaka leo. Endelea kusoma, utaelewa kwa nini.

Jumamosi iliyofuata nilikuona dirishani. Ulikuwa peku, unachota maji kwenye kikopo cha kuchezea. Hukuishika koki kwa vidole. Ulizungushia kipande cha kitambaa ulichookota chumbani kwangu. Hukuwa unajua kama nakutazama, kwa hiyo hukuwa unaigiza. Nilitoka nje, nikavua ndala, nikaigusa koki kwa nyuma ya mkono. Ilikuwa kama siafu wamepita ndani ya mfupa mpaka kwenye kiwiko. Nikaruka. Wewe ukanitazama tu. Hukusema "nilikwambia." Ulinitazama kama mtu anayengoja kuona mwenzake atafanya nini.

Nilimwambia baba yako siku hiyo hiyo. Akasema ni unyevu, Gwamaka ameshamweleza kwamba plasta mpya huwa na unyevu ukutani, utakauka. Nikamwambia, "Baba Atu, hata mimi nimeshikwa." Akasema, "Kwani wewe ni fundi?" Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka, na nadhani na yeye alishaanza kuogopa, kwa sababu alikuwa anajua kitu ambacho mimi sikukijua.

Nikakukataza kugusa bomba. Nikamkataza na yule dada aliyekuwa ananisaidia kazi. Kisha nikafanya jambo ambalo kwangu lilikuwa kubwa: nikaenda ofisi ya umeme. Unanijua mama yako, mbele ya meza yenye mihuri ulimi wangu hufa. Nilivaa kitenge changu cha kanisani. Foleni ilijaa watu wanaoomba kuunganishwa, wengine wametoka Isongole alfajiri wakiwa na karatasi zao. Zamu yangu ilipofika, kijana wa mezani akauliza, "Na wewe mama, umeomba lini?"

Nikasema, "Mimi tayari ninao. Naomba mje mnikatie."

Akadhani hakusikia vizuri. Nikarudia. Akawageukia wenzake, "Jamani, huyu mama anataka tumrudishe gizani!" Foleni nzima ikacheka. Nikamweleza habari ya bomba. Akafungua faili, akalisoma, akaligeuza nione mhuri.

"Nyumba hii imekaguliwa, mama. Imepita."

"Hakuna aliyekuja kuikagua."

Akanitazama vingine kabisa. Akasema polepole, "Mita ina jina la nani?"

"La mume wangu."

"Basi mwenye mita aje mwenyewe."

Kabla sijafika nyumbani, habari zilikuwa zimeshafika kiwandani. Baba yako alirudi amevimba. Akaniuliza kama nataka ndugu yake afungwe na yule mkaguzi afukuzwe kazi. Akaniuliza kama najua ni watu wangapi wangependa kutuona tunarudi kwenye kandili. Nilimjibu kwa sauti ya chini kwamba naogopa. Akasema, "Unaogopa kila kitu." Na ni kweli, ninaogopa kila kitu. Ndiyo maana nilinyamaza. Nilijiambia hofu yangu si kipimo, kwa kuwa ipo siku zote.

Sasa naja kwenye jambo lenyewe.

Mama mkwe wangu, bibi yako, alikuja kutoka kijijini Masoko Jumamosi moja ya mvua. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, ile yetu isiyo na haraka. Baba yako alikuwa amewasha hita ili mama yake aoge maji ya moto. Mimi nilikuwa nimemwambia kila mtu wa nyumba hii asiguse bomba la nje, lakini yeye sikuwa nimemwambia. Nilikuwa na nafasi. Alikuwa ameshawahi kuja mara moja tangu tuwashe, nikaona haya. Nitamwambiaje mkwe kwamba wanawe wawili wamefanya kazi mbovu? Atasema mke wa mwanangu anamtangaza mume wake. Nikaacha.

Alishusha mkungu wake wa ndizi, akavua viatu vilivyojaa tope, akakanyaga saruji iliyolowa, akainama kunawa miguu. Mimi nilikuwa namkatia mtu kitambaa. Nilisikia sauti ambayo haikuwa kelele wala kilio, kama mtu anayejaribu kukohoa na hawezi. Nikatoka mbio. Mkono wake umeikamata koki na hauachii, mwili mzima unatetemeka, macho yamefunguka yananitazama. Na wewe ulikuwa unatoka mlangoni mwa jiko unakimbia, mikono umeinyoosha, unakwenda kumshika bibi yako.

Nilikudaka kwa gauni. Ulinipiga, ulinikwaruza shingoni, ulikuwa unalia "Bibi! Bibi!" Nilikubana kifuani, sikumwendea yeye. Nimeulizwa na watu kwa nini sikumvuta mkwe wangu. Mikono yangu ilikuwa imejaa. Nikapiga ukelele, "Zima! Baba Atu, zima umeme!" Nikasikia hatua zake ndani, kisha kishindo cha mein swichi. Bibi yako akaanguka kwenye maji.

Hakufa. Tumshukuru Mungu kwa hilo kila siku. Alilazwa, akarudi, lakini vidole vya mkono ule havikunyooka tena sawasawa, na hakulala tena katika nyumba hii mpaka alipofariki kwa maradhi yake mengine miaka kadhaa baadaye. Nilipomwendea hospitalini kuomba radhi, nilipiga magoti. Akaniambia, "Ndaga, asante, mwanangu, umemshika mtoto." Heri angenitukana.

Siku ile ile ya mvua, hospitalini, Gwamaka alilia kama mtoto mbele ya kaka yake. Hapo ndipo niliposikia. Kuna fimbo ya shaba inayopigiliwa ardhini, na waya unaotoka kwenye vyombo vyote vya nyumba unafungwa kwayo, ili umeme ukivuja ukimbilie huko chini badala ya kumpitia mtu. Mafundi wanaita ethi. Gwamaka alitaka kuiweka. Baba yako alimwambia aiache kwanza, wawashe, mkewe anamsumbua, wataiweka baadaye. Mkaguzi akatia sahihi kilabuni, wakinywa pombe, bila kufika kwetu. Hita ile kuukuu ilikuwa inavujisha umeme ndani yake, ikiwashwa tu, mabomba yote ya chuma yanaupokea. Ndiyo maana siku ile ya mabuti na jua bomba halikumng'ata. Hita ilikuwa imezimwa.

Tukaomba ukaguzi upya. Safari hii alikuja mkaguzi mwingine, mtu wa makamo, mpole. Aliingia kila chumba, akafungua kila swichi, akabomoa kipande cha plasta, akatuonyesha ncha ya waya imekatwa na kuachwa ndani ya ukuta, haijafungwa popote. Akasema kuta zitachimbuliwa upya, hita itupwe, na hawezi kutuwashia mpaka arudi kuona kwa macho yake. Baba yako alikuwa anaitikia tu, "Ndiyo, mzee." Kisha mkaguzi akauliza ni nani aliyegundua kwanza.

Nikasema, "Binti yangu huyu. Alisema zamani, hatukumsikiliza."

Akachuchumaa mbele yako. Akauliza kwa upole, "Ulisikiaje, mama? Niambie lilivyokuwa."

Wewe ukamtazama baba yako. Ukamtazama Gwamaka. Kisha ukanitazama mimi. Ukasema, "Sikumbuki."

Tulikaa na kandili muda mrefu kabla kibali hakijatoka. Mita ilipowashwa tena sikupiga vigelegele. Nyumba imepona, nina hakika, nimegusa kila koki kwa mkono wangu. Lakini wewe hukurudi. Yule mtoto aliyekuja kwenye cherehani ameshika mkono wake akasema panauma, sikumwona tena. Nilipata mtoto mwingine, mtiifu, mkimya, anayesifiwa na walimu. Ulipokuwa kidato cha pili ukakaa na jipu pajani mpaka homa ikakuangusha bwenini, na matroni akanitumia ujumbe nikaja mbio. Nikakuuliza, "Kwa nini hukusema?" Ukasema, "Nilidhani ni kidogo." Nililia njia nzima, na wewe ukadhani nalilia jipu.

Kuna swali ambalo sijawahi kukuuliza, na nimeogopa jibu lake miaka yote hii. Siku ile ya mvua ulikuwa mlangoni mwa jiko. Ulimwona bibi yako anavua viatu. Ulikuwa unajua. Nadhani ulitaka kumwambia, ukakumbuka mama alikukataza kurudia maneno hayo mbele ya watu. Kama ndivyo, na kama umebeba jambo hilo mpaka leo ukidhani ni lako, nakuomba ulitue. Ni langu. Mimi mtu mzima nilikuwa najua, na nilikuwa na mdomo, na nilinyamaza kwa haya. Wewe ulinyamaza kwa kunitii.

Sasa unakwenda kujifunza uuguzi. Watu watakuja mbele yako watasema panauma, na karatasi itakuwa inasema hawana kitu, na mkubwa wako atakuwa ana haraka. Sijui utafanya nini, sikufundishi kazi ambayo siijui. Ila hofu yangu haiko kwa wagonjwa hao. Wewe utawasikiliza, nakujua. Hofu yangu ni wewe mwenyewe, uko mbali, kitu kinakuumiza, mtu au maradhi au upweke, na unazungushia kitambaa na kuendelea kuchota.

Baba yako naye ana yake. Umeshawahi kujiuliza kwa nini mvua ikianza, hata tukiwa tunakula, anainuka? Anakwenda kugusa koki ya nje kwa nyuma ya mkono. Hajawahi kunieleza, na mimi sijawahi kumuuliza. Anarudi, anakaa, anaendelea kula. Nakuandikia ili umjue, usiondoke ukidhani alisahau.

Jioni hii tulipokuwa tunafunga begi lako jikoni, ulisimama ghafla na kanga mkononi. Ukasema, kwa sauti ndogo sana, "Mama, naogopa." Miaka yote hii sijawahi kukusikia ukilisema neno hilo. Na mimi, kwa haraka yangu, kwa kuogopa nisilie mbele yako, nikakujibu, "Usiogope, huna cha kuogopa," nikakupokonya kanga na kuikunja. Ukasema, "Ndiyo, mama."

Nimekaa hapa tangu hapo nasikia ile "ndiyo, mama."

Barua hii nitaiweka juu ya viatu vyako, uione kabla hujavaa. Ukishaisoma njoo jikoni, nitakuwa nimeshawasha moto. Basi halitaondoka kabla hatujamaliza, na likiondoka yapo mengine. Lirudie ulilosema. Safari hii nitakuuliza unaogopa nini, halafu nitanyamaza mpaka umalize.

Mama yako